Meli ya Alaska kwa bimkubwa: inastahili hizi pesa au tutafute safari nyingine?

Uru_Kaskazini (mwanzisha uzi), Tacoma

Wakuu, habari za jioni.

Naomba ushauri kwa waliowahi kupanda meli za kitalii za Alaska, hasa mnaoishi huku Seattle, Portland na Vancouver.

Mama yetu ana miaka 71, mwalimu mstaafu. Anaishi kwangu hapa Tacoma, ana grini kadi na pasipoti ya Tanzania. Sisi watoto tumekubaliana kuchanga tumpe safari moja ya maana angali ana nguvu zake. Tumefikia kama dola 5,000 kwa watu wawili, yeye na mimi, kila kitu humo humo.

Mdogo wangu anasukuma Alaska, siku saba kutoka Seattle. Mimi nasita. Kwenye matangazo naona mabwawa ya kuogelea, kasino, michezo ya jukwaani, watu zaidi ya elfu tatu melini. Bimkubwa hana haja na hayo. Yeye ni mtu wa kukaa na chai yake akatazama. Amekulia Uru, miguuni mwa Kilimanjaro, kila asubuhi kilele cha Kibo mbele yake, na hadi leo anaweza kukuonyesha kwa kidole theluji ilipokuwa inafika enzi za utoto wake. Nilipomwonyesha video ya barafu ya Alaska aliuliza swali moja tu, kama bado ipo au ni picha za zamani.

Sasa nataka kujua, ukiwa kwenye meli kubwa namna ile unaiona kweli hiyo nyika, au unaangalia milima kwa mbali kupitia dirisha la mgahawa? Na je, kwa pesa hiyo hakuna njia bora zaidi?

Ngamia wa Dodoma

Nimepiga kambi hapa. Na mimi nina wazazi wanakuja kiangazi.

Mzalendo Halisi, Arusha

Mkuu, dola elfu tano ni nyumba ya wapangaji inapanda hadi lenta huku. Mama wa miaka 71 atakumbuka zaidi nyumba yenye jina lake kuliko barafu. Ni maoni yangu tu.

Uru_Kaskazini

Mzalendo, nyumba anayo, tulimjengea. Hii ni zamu ya macho yake.

Fundi Saa, Puyallup

Mimi nitakuwa tofauti. Wewe unakaa Tacoma, mlima Rainier unauona ukifungua mlango. Una mita 4,392 na mito ya barafu (glacier, barafu nene inayoteremka taratibu mlimani) zaidi ya 20. Panda gari, saa mbili na ushee uko Paradise, mwinuko wa mita 1,600 hivi, unaegesha, mama anakaa kwenye benchi anautazama mto wa barafu wa Nisqually bila kupanda kilima. Kiingilio cha gari na chakula cha kubeba, basi. Kwa nini ulipe maelfu kwa kitu kilichopo mlangoni?

Bahari Shwari, Seattle

Fundi Saa amesema kweli kuhusu Rainier, na Uru usiache kumpeleka mama kule hata kama mtasafiri. Ila barafu ya Rainier inaishia juu mlimani. Alaska barafu inashuka hadi baharini, unakuwa chini yake, kwenye maji, na inamegekea mbele yako. Ni vitu viwili tofauti, na hicho cha pili hukifikii kwa gari.

Nimekwenda na wakwe zangu, baadaye na watoto, kwa meli za kampuni tofauti, kwa hiyo naandika kwa urefu kidogo.

Jambo la kwanza, usichague meli. Chagua njia. Watu wanalinganisha idadi ya migahawa na ukubwa wa bwawa, halafu wanafika huko wanakuta meli yao haiingii mahali walipokuwa wanapaota. Karibu kila safari ya siku saba ina siku ya barafu, na thamani ya safari nzima kwa mtu kama mama yako ipo kwenye siku hiyo. Soma ratiba uone imeandikwa jina gani.

Likiandikwa Glacier Bay, hapo ndipo pa kutoa pesa. Ni hifadhi ya taifa ya Marekani, na wanaruhusu meli kubwa mbili tu kwa siku. Asubuhi askari wa hifadhi wanapanda melini kwa boti, wanakaa nanyi siku nzima wakieleza kwa kipaza sauti na kujibu maswali pale sitahani. Meli inapanda taratibu ghuba yenye urefu wa zaidi ya kilomita 100 hadi kwenye mto wa barafu wa Margerie, ambao mbele una upana wa kama kilomita 1.6 na unainuka mita 75 hivi juu ya maji. Inasimama pale kama saa nzima, inajigeuza polepole ili pande zote zione. Kipande kinaanguka kwanza, mlio unakufikia baadaye, kwa sababu mko mbali kuliko macho yanavyodhani. Hakuna anayeshuka nchi kavu. Kwa mtu mwenye magoti mabovu hiyo ni neema, maana mwenye umri wa miaka 20 na mwenye 71 wanaona kitu kilekile.

Na kwa swali lake la kama bado ipo: mwambie ghuba yenyewe ni jibu. Mwaka 1794 msafara wa nahodha George Vancouver ulipopita pale haukukuta ghuba ya kuingia, ulikuta ukuta wa barafu umeziba. Mwandishi wa mazingira John Muir alipofika mwaka 1879 barafu ilikuwa imerudi nyuma zaidi ya kilomita 48. Kufikia 1916 ilikuwa imerudi karibu kilomita 100. Yaani maji yote mtakayosafiria siku ile yalikuwa barafu enzi za babu wa babu yake. Na kabla ya hapo, watu wa kabila la Tlingit wa Huna waliishi humo humo, wakafukuzwa na barafu ilipokuwa inasonga mbele katikati ya karne ya 18. Mzee aliyeitazama Kibo miaka yote atayaelewa haya haraka kuliko sisi.

Likiandikwa Hubbard, mto mwingine wa barafu, si vibaya hata kidogo. Ni mkubwa mno, mbele yake unafika kama kilomita 10 kwa upana, na ni mmoja wa michache ambayo imekuwa ikisonga mbele badala ya kurudi nyuma. Tatizo ni kwamba barafu inayoelea na ukungu huweza kuizuia meli isikaribie. Ikiwa Endicott Arm, ni hori nyembamba yenye maporomoko ya maji pande zote, na mwisho wake ni mto wa barafu wa Dawes. Uzuri wake ni wa aina nyingine, ila meli kubwa wakati mwingine hugeuza kabla ya kufika mwisho. Tracy Arm ya jirani yake ilipata maporomoko makubwa ya mlima Agosti 2025 yaliyoinua wimbi la kutisha, kwa hiyo ukikuta tangazo bado linaitaja, uliza kwanza.

Kampuni za Princess na Holland America ndizo zenye siku nyingi za Glacier Bay. Meli zao ni za watu wazima zaidi, hazina makelele ya watoto. Kwa mama wa chai na kutazama, hapo ndipo pake.

Swali la bei. Mwezi Mei na mwishoni mwa msimu, chumba cha ndani kisicho na dirisha huweza kushuka chini ya dola 1,000 kwa mtu. Chenye roshani huwa kama mara mbili. Juu yake kuna kodi na ada za bandari, na bakshishi ya wafanyakazi ambayo ni kama dola 16 hadi 20 kwa kila mtu kwa siku. Hapo utaona bajeti yenu inatosha roshani moja ya kiasi ikiwa hamtanunua kila safari ndogo ya bandarini. Nunueni moja tu. Kama ningekuwa mimi, ningenunua boti ya kutazama nyangumi pale Juneau, mji mkuu wa Alaska, na nikaacha nyingine zote.

Chagueni Mei ya mwisho au Juni ya mwanzo. Mei ndiyo yenye mvua chache kule kusini-mashariki mwa Alaska, milima bado ina theluji hadi chini, na Juni urefu wa mchana unafika saa 18. Samoni na dubu mitoni ni habari ya Julai na Agosti, lakini bei na watu navyo vinapanda.

Uru_Kaskazini

Bahari Shwari, ubarikiwe. Nimeprinti. Roshani ni lazima? Mdogo wangu anasema bila roshani tusiende.

Mtoto wa Kisauni, Mombasa

Assalaam aleykum jamaa. Nilifanya kazi melini misimu kadhaa huko Alaska, upande wa vyumba. Jina la kampuni halina haja. Naongeza ninayoyajua kutoka ndani.

Roshani si lazima, ndugu yangu, lakini kwa mama wa miaka hiyo ningeilipia kabla ya kulipia kitu kingine chochote. Sababu ni hii. Siku ya barafu watu wote elfu tatu wanataka kusimama mbele melini. Upepo unaotoka kwenye barafu ni mkali hata Julai, na viti vya ndani vyenye vioo vikubwa hukaliwa tangu alfajiri. Mzee akisukumana pale anachoka mapema. Akiwa na roshani yake anajifunika blanketi, anatoka, anaingia, choo kiko hatua tatu. Nyangumi wakipita saa kumi na moja alfajiri yuko palepale. Ila kama pesa haitoshi, chukua chumba cha ndani kwenye meli inayoingia Glacier Bay kuliko roshani kwenye meli isiyoingia. Hapo namuunga mkono Bahari Shwari kabisa.

Chumba kiwe katikati ya meli, sitaha za chini au za kati. Njia ya ndani baina ya visiwa ni tulivu, maji kama ya bandarini. Lakini nyingi zinazotoka Seattle hupita upande wa nje wa kisiwa cha Vancouver, bahari kuu, na usiku ule wa kwanza wageni wengi huanza kutafuta vidonge. Zinazotoka Vancouver hupita ndani, kati ya kisiwa na bara. Kwa asiyezoea bahari, tofauti hiyo ni kubwa. Fikirieni kuondokea Vancouver hata kama ni kuvuka mpaka kwa gari.

Kuhusu bakshishi, nawaomba. Ile inayokatwa kila siku kwenye akaunti msiende kuifuta dawatini. Watu wanaosafisha vyumba na kuosha vyombo hulipwa kwa sehemu kubwa kutokana nayo. Wapo wageni wanaoifuta siku ya mwisho na kumwachia mhudumu neno la shukrani. Neno halipeleki mtoto shule.

Na nyangumi, jamani. Wale wenye nundu wanaokula Alaska kiangazi huenda Hawaii kuzaa wakati wa baridi. Wa kwetu ni jamii nyingine ya nyangumi haohao, wanatoka Antaktika, wanapita Watamu na Zanzibar kati ya Julai na Oktoba. Kule kwetu hawali, wanazaa na kucheza. Alaska unawaona wakila, wanazunguka kundi zima, wanapuliza povu chini kuwakusanya samaki, kisha wanapanda juu kwa pamoja midomo wazi. Nilikuwa na dakika kumi za mapumziko nilipoliona hilo mara ya kwanza, na sikurudi kazini kwa wakati.

Dada Salome, Anchorage

Mimi naishi Alaska, niliwahi kukaa Juneau. Naomba muutazame na upande wa wenyeji.

Juneau ina watu kama 32,000 na haina barabara ya kuingilia kutoka mji mwingine, ni ndege au chombo cha majini. Kwa mwaka abiria wa meli wanaopita pale ni zaidi ya milioni moja na nusu. Siku zenye meli tano, kutembea mtaani ni kusukumana, na helikopta zinapita juu ya nyumba za watu tangu asubuhi. Mji uliweka kikomo cha meli kubwa tano kwa siku kuanzia msimu wa 2024, na mwaka huohuo wapiga kura waliletewa pendekezo la kuzizuia Jumamosi, likakataliwa, kwa sababu wengi hula kupitia meli hizohizo. Sisemi msije. Nasema mkishuka, nunueni kwa wenye maduka ya pale, si vito vya duka linalofunga msimu ukiisha.

Njia nyingine ambayo hakuna aliyeitaja: feri ya serikali ya jimbo, Alaska Marine Highway. Ilianza 1963. Inaondoka Bellingham, hapo juu ya Seattle, inafika Ketchikan baada ya kama saa 38, halafu Wrangell, Petersburg, Juneau hadi Haines na Skagway kutegemea ratiba. Inapita njia nyembamba ambazo meli kubwa haziingii. Ndani utakutana na wavuvi, walimu, watoto wa shule wanaokwenda kucheza mpira kisiwa cha pili. Wasio na chumba hulala kwenye viti, wengine wanafunga hema sitahani. Kwa kijana ningesema chukua hiyo na usifikirie mara mbili. Kwa mama yako hapana, labda upate chumba. Haiingii kwenye barafu, na ratiba hubadilika. Wewe Ngamia wa Dodoma, kama wazazi wako ni wepesi, itazame.

Ngamia wa Dodoma

Dada Salome, asante sana, sikuwahi kuisikia. Baba yangu alikuwa fundi wa meli ziwani, hiyo ya wavuvi itamfaa kuliko kasino.

Kilima Baridi, Tromsø

Salamu kutoka Norwei. Huku tuna meli ya pwani ya Hurtigruten, tangu 1893, Bergen hadi Kirkenes, bandari 34, inabeba mizigo na wenyeji pamoja na watalii. Kwa mtu aliyeko Ulaya ningesema anza na hii. Lakini barafu inayodondokea baharini huioni kwenye njia hiyo, mpaka uende visiwa vya Svalbard, kaskazini kabisa, na huko bei inapaa. Kwa Uru aliyeko Tacoma, kuruka hadi huku ni kutupa pesa. Bandari yake iko chini ya saa moja kutoka nyumbani.

Fundi Saa

Nimesoma yote. Nashikilia Rainier kwa mtu mwenye pesa ndogo. Ila hilo la Glacier Bay na barafu kurudi nyuma kilomita 100 limenigusa. Kibo nayo tangu 1912 imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake. Labda kwa mzee wa Uru hii safari ina maana ambayo kwangu haina.

Mzalendo Halisi

Kama nyumba ipo, basi mpelekeni. Nimeondoa pingamizi.

Uru_Kaskazini

Wakuu, maswali yangu ya mwisho. Mama ana grini kadi. Akipanda Vancouver au meli ikisimama Victoria, anahitaji viza ya Kanada? Na treni ya Skagway, mdogo wangu ameiona mtandaoni, inafaa?

Bahari Shwari

Mwenye grini kadi halali hahitaji viza ya Kanada, ila lazima abebe pasipoti yake ambayo haijaisha muda pamoja na kadi yenyewe. Nakala na picha za simu hazikubaliki. Angekuwa na viza ya matembezi ya Marekani tu, kwa pasipoti ya Tanzania au Kenya angetakiwa kuomba viza ya Kanada mapema, na wengi hugundua hilo wakiwa wamekwishalipa. Hata safari za Seattle kwenda na kurudi husimama Kanada, mara nyingi Victoria jioni ya mwisho, kwa sababu sheria ya Marekani ya 1886 hairuhusu meli zilizosajiliwa nje kubeba abiria kutoka bandari ya Marekani hadi nyingine bila kugusa nchi ya kigeni. Msishangae kuona mnashuka usiku kwa saa chache tu.

Treni ya White Pass ilijengwa kati ya 1898 na 1900, wakati wa watu kukimbilia dhahabu ya Klondike. Inapanda karibu mita 870 ndani ya kilomita 32, umekaa kitini, na kwa magoti ya mama ni nzuri. Chagueni ile inayofika kileleni na kurudi bila kushuka upande wa Kanada, karatasi zinakuwa chache. Ila kumbukeni bajeti, ni treni au nyangumi.

Dada Salome

Nyangumi.

Mtoto wa Kisauni

Nyangumi, bila shaka.

Uru_Kaskazini

Nimeongea na ndugu zangu usiku huu. Tumekubaliana kwenda, mwishoni mwa Mei, tunaondokea Vancouver, ratiba yenye Glacier Bay kwa maandishi, roshani ya katikati ya meli. Kwa kuwa tukipanda Vancouver nyingi huishia Seward au Whittier huko huko Alaska bila kurudi, nimepata mbili zinazorudi Vancouver na nitalinganisha bei kesho. Bandarini tutanunua boti ya nyangumi Juneau tu. Ketchikan tutatembea wenyewe kwenye nguzo za kuchongwa za wenyeji (totem), mvua ikituruhusu. Rainier tutakwenda Julai, Fundi Saa karibu tuongozane.

Sijaongea na daktari wake wa presha bado.

Dada Salome

Mkuu, hilo la daktari lifanye kabla ya kulipa. Na mkate bima inayolipia kuhamishwa kwa ndege. Melini kuna zahanati, lakini mgonjwa mahututi hushushwa bandari ya karibu au huchukuliwa kwa helikopta, na gharama yake hamtaiweza kwa mchango wa familia. Dawa zake za siku saba beba za siku kumi na nne, na zikae kwenye begi la mkononi, maana mizigo mikubwa mnaikabidhi bandarini na huletwa chumbani baadaye, pengine jioni.

Bahari Shwari

Na birika la umeme haliruhusiwi chumbani. Wanalikamata kwenye ukaguzi. Chukua chupa nzuri ya chai (themosi) na majani yake ya chai, maji ya moto yapo mgahawani mchana na usiku.